Bunduki Isipolia

Mara ya kwanza bastola yangu kugoma, nilikuwa nimekaa na leseni miezi mitano na tayari nilijiona fundi. Tulikuwa katika uwanja wa shabaha upande wa Kiambu. Nilivuta triga, nikasikia mlio mkavu wa chuma tu, na badala ya kuuacha mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo, niligeuka nusu mwili kumtazama mkufunzi kana kwamba yeye ndiye aliyeniuzia risasi ile. Alinidaka kifundo cha mkono, akaurudisha mtutu ulikotoka, na hakusema neno mpaka nilipoiweka silaha mezani.

Tangu siku hiyo mwenzangu hunijazia magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, bila mimi kuona, akichanganya risasi 7 za kweli za milimita 9 na 3 bandia za plastiki zisizo na baruti. Inapofika ya bandia, kidole hutoka kwenye triga, mtutu hubaki ukitazama shabaha, kiganja hugonga kitako cha magazini, kisha huvuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma na mbele, kwa nguvu na kuiachia irudi yenyewe. Wengi tunakosea hapo kwenye kuiachia: tunaisindikiza kwa mkono, nayo haifungi sawasawa, na tatizo moja linazaa la pili.

Risasi bandia pia humuumbua mpigaji. Bunduki isipolia, mtutu huonekana ukiinama ghafla, kwa kuwa mkono ulikwisha kuuogopa mshindo ambao haukuja. Wangu uliinama vibaya sana, nami kwa miezi kadhaa nilikuwa nikivilaumu vilengeo.

Risasi mbili zinapogombania chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kupigwa, kugonga hakufai. Slaidi hufungwa nyuma, magazini hung'olewa, slaidi huvutwa mara mbili tatu, ndipo magazini hurudishwa. Mwanzoni vidole vilinitetemeka hata nikaidondosha magazini kwenye kokoto. Sikuwa jasiri zaidi baada ya wiki kadhaa. Mikono tu ilikwisha kuijua njia, na akili ikapata nafasi ya kutazama mambo mengine.

Nafasi hiyo ya akili ndiyo ninayoithamini kuliko kasi, na hapa sikubaliani na wanaopenda kushindana kwa saa. Mshindo ukisikika hafifu kuliko kawaida, huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Mkono uliozoeshwa kugonga na kuvuta tu, bila sikio kushirikishwa, utafanya hivyo hivyo.

Jumamosi iliyopita mlio mmoja ulinitia shaka. Nilisimama, nikaondoa magazini, nikahakikisha chemba ni tupu, nikaifungua bastola na kuutazama mtutu kwenye mwanga. Ulikuwa wazi. Mwenzangu alicheka kwamba nimetupotezea dakika 4, nami nikampa magazini anijazie tena.