Atakuja, hatakuja: makosa ya kuandika yanayostahili kukera

Ujumbe umetumwa kwenye kikundi: "Fundi atakuja kesho." Aliyeuandika alitaka kusema hatakuja. Wasomaji ishirini wamejipanga kumsubiri mtu ambaye hana habari nao, na kilichowaponza ni herufi moja.

Watu wakilalamikia uandishi mbovu mtandaoni hutia kapu moja vitu visivyofanana: h iliyodondoka, "xaxa", "masaa", lahaja ya mtu, na kidole kilichoteleza. Ndiyo maana mjadala wa kama jambo hili linakera hauishi. Mimi hupima kosa kwa swali moja: nani anabeba mzigo wake? Kama msomaji analazimika kukisia jambo ambalo kukisia vibaya kutamgharimu, basi ana haki ya kukereka. Kama ameelewa tangu mwanzo na kinachomchoma ni sura ya neno tu, hilo ni lake.

Kwa kipimo hicho, h inaongoza. Kiswahili kimeitwika mzigo mzito kuliko inavyoonekana. Katika wakati ujao, nafsi ya tatu umoja, tofauti nzima kati ya kukubali na kukana ni hiyo h tu: atalipa, hatalipa, atapona, hatapona. Nyakati nyingine zina kinga. Amelipa hukanushwa hajalipa, kwa hiyo hata mtu akiandika "ajalipa" unamwelewa. Analipa hukanushwa halipi, na ile i ya mwishoni inabaki kukulinda. Wakati ujao hauna kinga yoyote.

Tatizo huongezeka pale aliyezoea kukosolewa anapoanza kuibandika h kila mahali kwa tahadhari, ndipo tunapata "hasante" na "hakiba". Mtu huyo akiandika "hatakuja" huwezi kujua kama anakana au ameongeza h ya bahati mbaya. Kwa mwandishi, dawa ni nyepesi: geuza sentensi iwe ya mimi. Kama ungesema nitakuja, andika atakuja. Kama ungesema sitakuja, andika hatakuja. Ni- na si- hazichanganyiki masikioni mwa mtu yeyote.

L na r nazo zina ubishi wake, na hapa ndipo wakosoaji wengi wanapokosea kuhusu chanzo. Wanasema ni uvivu. Kikuyu hakina l kabisa katika maandishi yake. Luganda kina herufi zote mbili, lakini mahali ndipo panapoamua: r hufuata e na i, l hukaa kwingine, na kwa msemaji hizo ni sauti moja. Mtu aliyelelewa katika lugha ya namna hiyo hasikii tofauti unayomlaumu kwa kutoiandika. Ushauri uliozoeleka wa "soma kwa sauti kabla ya kutuma" haumsaidii hata kidogo, kwa sababu sikio ndilo lililomletea kosa. Anachohitaji ni jicho: orodha fupi ya maneno yake mwenyewe, kumi au kumi na tano, yale anayoyakosea kila mara, ayakariri kama mtu anavyokariri namba. Aanze na jozi ambazo kila upande ni neno halali, maana hizo hakuna programu itakayozikamata: mahali na mahari, kalamu na karamu, hali na hari, kura na kula. Mgombea anayewaomba wananchi "kula" zao huenda amesema kweli bila kukusudia.

Dh, th na gh zimo zaidi katika maneno yenye asili ya Kiarabu, na lugha nyingi za Kibantu hazina sauti hizo zote. Matokeo ni "zambi", "nazani", "lafuzi ya kiluga". Haya husomeka bila taabu. Yanayoumiza ni yale yanayoangukia neno jingine. Kiongozi anayekwenda kuzuru wagonjwa akiandikiwa "kudhuru wagonjwa", taarifa imekuwa ya polisi. Zana za kilimo zikawa "dhana za kilimo", hapo hujui kama kuna majembe au semina. Wanaosherehekea kumbukumbu wakaandika "tunaazimisha", kumbe azimisha ni kumpa mtu kitu kwa muda akirudishe. Ukitaka kujipima, andika sentensi hii bila kutazama tena: samani za thamani za zamani zimewekwa dhamana. Ukiitoa salama, sehemu hii ya tahajia umeiweza.

Kuna kosa moja ambalo limeenea kiasi kwamba wengi hawajui tena kuwa ni kosa: "kua" badala ya kuwa. "Anataka kua daktari." Kitenzi kua, cha kuongezeka umbo, kikianza na ku- ya jina huwa kukua. Kwa hiyo "anataka kua" haiwezi kuwa sahihi kwa maana yoyote ile, si ya kuwa wala ya kukua. "Imekua" ni hatari zaidi, kwa sababu ipo: bei imekua na bei imekuwa ni habari mbili. Upande wa pili wamejaa wanaoongeza w pasipohitajika: chukuwa, nunuwa, tambuwa. Kipimo chake nakipenda kwa sababu hakihitaji kamusi. Kinyambue kitenzi katika hali ya kutendwa: chukuliwa, nunuliwa, tambuliwa. Ukiona l imejitokeza, basi mwishoni mwa kitenzi cha kawaida irabu zimekaa pamoja bila w katikati. Ndivyo ilivyo hata kwa pokea, inayotoa pokelewa, usiitie y.

Sasa kutenganisha na kuunganisha. Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha haraka, ingawa nakiri maana hupotea mara chache. Kiswahili hujenga kitenzi kwa kupachika vipande kwenye mzizi, na vyote ni neno moja: hatutawapigia ina vipande saba, ha-tu-ta-wa-pig-i-a, na hakuna hata kimoja kinachoandikwa peke yake. Anayeandika "ana enda", "si jui" au "hawa jafika" amekata kiungo. Anayemwandikia mpenzi wake "na kupenda" amemtumia kiunganishi na kitenzi-jina, kana kwamba sentensi ilianzia mahali pengine.

Ni yenyewe huwachanganya hata waandishi wazuri, kwa kuwa zipo mbili. Badilisha mimi iwe wewe. "Mimi ni mwalimu" inakuwa "wewe ni mwalimu". Ni imebaki, basi hiyo husimama peke yake. "Ninapenda" inakuwa "unapenda". Ni imetoweka na u imeshika nafasi yake, basi hiyo hushikamana na kitenzi. Kwa upande wa kuunganisha kupita kiasi, mkosaji mkuu ni kwa: kwasababu, kwaajili, kwamfano, kwaiyo. Sababu, ajili na mfano ni majina yanayojitegemea, na kwa hukaa mbele yao kama inavyokaa mbele ya jina lolote. Hiyo kwaiyo imekosea mara mbili, imeunganisha na imeangusha h, lakini sijawahi kuona mtu aliyeshindwa kuielewa.

Vifupisho navitetea. Ujumbe mfupi wa simu uliwekewa ukomo wa herufi 160, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja, kwa sababu nafasi 7 huchukuliwa na maelezo ya kuviunganisha. Wakati kila kipande kililipiwa, kuandika "2onane" na "cjui" kulikuwa hesabu, na hesabu nzuri: 2 ikisomwa kwa Kiingereza inatoa tu, c inatoa si. Ukomo huo umepoteza nguvu lakini mazoea yamebaki, pamoja na "xaxa", ambayo haipunguzi hata herufi moja na ni urembo mtupu. Kati ya watu wanaofahamiana hakuna anayeumia. Panapoharibika ni kwenye tangazo la umma, na sababu yake si heshima. Asiyeona anayesikiliza simu ikimsomea maandishi palipoandikwa "2po" na "m2" atasikia "mbili-po" na "m-mbili". Programu ya kutafsiri nayo itabaki ikikisia, na anayetafuta kitu kwa kuandika jina lake hatalipata tangazo lako. Ukiuza gari ukaandika "gali", sehemu nyingi za kutafutia ndani ya vikundi hulinganisha herufi kwa herufi, basi umejificha mwenyewe.

Ritifaa, ile alama ndogo ya juu katika ng', ina kisa cha kiufundi ambacho wachache wanakifahamu. Baadhi ya simu, ukiandika ng'ombe, hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Iliyopinda haimo katika seti ya kawaida ya herufi za ujumbe mfupi, kwa hiyo ujumbe mzima huhamishiwa kwenye mfumo mwingine na ukomo hushuka kutoka 160 hadi 70. Ng'ombe mmoja anaweza kuugawa ujumbe wako vipande viwili au vitatu. Anayeandika "ngombe" kwenye ujumbe wa kulipia nisingemsumbua.

Makosa mengine hayana mwandishi. Kibodi iliyowekwa Kiingereza pekee huona neno la Kiswahili kama Kiingereza kilichokosewa, ikakirekebisha: hii inakuwa "hi", kama inakuwa "karma". Ukiona neno la Kiingereza limetua katikati ya sentensi bila maana yoyote, mlaumu mashine. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya lugha, na kuongeza Kiswahili. Kibodi ya Google kwenye Android inacho, na unaweza kuacha lugha zote mbili zikifanya kazi. Kisha tumia kamusi binafsi ya simu, au sehemu ya kubadilisha maandishi, kujitengenezea njia za mkato: kwaiyo iwe kwa hiyo, ambae iwe ambaye, ngombe iwe ng'ombe. Kwenye iPhone hubadilika yenyewe ukibonyeza nafasi. Kwenye Android mara nyingi hujitokeza kama pendekezo la kugusa juu ya kibodi. Sharti ni moja: ingiza makosa ambayo si maneno. Ukiingiza mahari ili iwe mahali, siku ya posa itakuaibisha.

Vikagua tahajia vya Kiswahili vipo, katika Word na LibreOffice, lakini usivitegemee kama vile vya Kiingereza. Mzizi mmoja wa kitenzi hutoa maelfu ya maumbo, na orodha ya maneno haiwezi kuyabeba yote. Kwa hiyo kikaguzi huchorea mstari mwekundu neno sahihi kabisa, halafu huipitisha "hatakuja" isiyokusudiwa bila kusema neno.

Yapo ambayo hayafai kuitwa makosa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930. Nchini Tanzania kazi hiyo ikaja kushikwa na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 1967. Wasemaji wa Mombasa na Lamu walikuwa wakitunga mashairi karne nyingi kabla ya hapo. Anayeandika mato kwa macho, au ndia kwa njia, anaandika lugha ya kwao, na kumsahihisha ni kujivua nguo mwenyewe. Masaa na madawa ninayaacha pia. Hakuna aliyewahi kufika amechelewa kwa sababu ya ma- ile.

Kuhusu wanaokereka, Julie Boland na Robin Queen wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha utafiti mwaka 2016. Wasomaji 83 walipewa majibu ya tangazo la kutafuta mtu wa kuishi naye nyumba moja, mengine yakiwa na makosa. Waliowahukumu vikali wenye makosa ya sarufi walikuwa zaidi wale ambao vipimo vya tabia vilionyesha hawana upole kwa wenzao, na wachangamfu walisamehe kuliko wakimya. Sehemu ya kero, kumbe, iko kwa msomaji. Ipo pia kanuni ya mzaha aliyoiandika mhariri wa Australia, John Bangsund, mwaka 1992: ukiandika kumkosoa mwingine kwa uandishi wake, ndani ya ukosoaji wako patakuwa na kosa. Katika makala hii nalitegemea.

Ukiamua kusahihisha, chagua kosa moja, si matano. Mtumie faraghani, au lirudie neno katika jibu lako likiwa sahihi bila kulitaja: yeye kaandika "nimefika mahari penyewe", wewe jibu "mahali hapo pana kivuli?" Mara nyingi hutosha. Usiguse tahajia ya aliyefiwa, wala ya mtu mnayebishana naye, maana atadhani umeishiwa hoja, na pengine atakuwa sahihi.

Ile ya fundi usiifanye somo la sarufi. Uliza hapohapo, mbele ya wote, kwa umbo lisilotegemea h: "Yaani haji?" Hata akijibu "aji", utakuwa umeelewa.