Programu ya kuchora na kuta za Mkomani

Husemwa mafundi wa Lamu wanaogopa kuchora nyumba kwa programu ya simu. Hawaogopi simu. Kinachokwamisha ni programu kudhani kila ukuta umenyooka. Kuta za Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ni za mawe ya matumbawe na chokaa na hazinyooki, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mkoko. Kwa hiyo pima upana mwanzoni, katikati na mwishoni, kisha pembe kwa pembe. Ukipima mara moja tu, boriti moja huenda ikatoka fupi, na boriti ni ghali.

Halafu vipimo. Mchoro huja kwa milimita, fundi hukata kwa futi: milimita 2,750 si futi 9 kamili, ni kama futi 9 na robo inchi. Andikeni vyote viwili, tena kwenye karatasi. Skrini juani haisomeki.