Moshi wa Lori la Saruji, Ipogolo

Lilikuwa lori la tani saba, mtumba wa Uingereza, injini Cummins 6BT: silinda 6, lita 5.9, lina tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa) na intakula (kipozeo cha hewa hiyo), na pampu ya dizeli ya mzunguko, Bosch VE. Lilifika gereji Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, likiwa na mifuko 140 ya saruji. Ubavu wa bodi upande wa ekzosi ulikuwa mweusi tii hadi kwenye turubai.

Dereva alishuka, akamsalimia fundi mkuu shikamoo, akasema moja kwa moja: "Mzee, mlima Kitonga nimepanda na foleni nyuma yangu. Wananipigia honi, hawaoni mbele, na mimi kwenye kioo siwaoni."

Historia yake ilikuwa fupi. Safari ya nyuma lori lilianza kukosa nguvu milimani, bila moshi wa kutisha. Njiani, fundi mmoja wa barabarani akamwambia pampu imechoka, akaiongezea mafuta kwa spana na bisibisi huku injini ikiunguruma. Nguvu zikarudi nusu. Moshi ukaja wote. Zamani tangi likijaa Dar es Salaam lilifika Iringa na akiba. Sasa alikuwa analazimika kuongeza dizeli Mikumi.

Fundi mkuu, ambaye mimi nilikuwa msaidizi wake, hakugusa pampu. Alimuuliza dereva swali moja tu: kabla ya kuongezewa, moshi ulikuwaje? Dereva akajibu haukuwepo, lori lilikuwa zito tu. Jibu hilo lilitosha kuonyesha pa kuanzia. Lori lenye tabo likikosa nguvu na halitoi moshi, ama mafuta hayafiki, ama hewa ya tabo haifiki na pampu yenyewe imejizuia.

Pampu ya VE ya lori lenye tabo ina kikofia juu, kimefungwa kwa skurubu nne. Ndani yake mna dayaframu, na chini ya dayaframu springi na pini yenye umbo la koni. Kutoka manifoldi ya hewa, bomba linalogawia silinda hewa, unakuja mpira mwembamba hadi kwenye kile kikofia. Tabo ikisukuma hewa, dayaframu inashuka, pini inashuka nayo, na ule mwembamba wa koni unaruhusu wenzo wa ndani usogee ili mafuta yaongezeke. Tabo isiposukuma, dayaframu haishuki na mafuta hayaongezwi. Ndiyo maana hewa ikivuja, lori linakuwa zito lakini safi. Pampu inafanya kazi yake. Fundi wa barabarani aliisoma dalili hiyo kama pampu iliyochoka.

Tulianza na ea kilina, kichujio cha hewa. Ilikuwa na vumbi jekundu lakini si la kuziba; tuliipuliza kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kinyume chake, maana ukipuliza kutoka nje unalizamisha vumbi kwenye karatasi. Tukabana ule mpira mwembamba wa dayaframu, ulikuwa mzima. Kisha tukachonga kizibo cha mbao, tukakifunga kwenye mdomo wa tabo unaovuta hewa, na kukitia valvu ya tairi katikati. Tukapuliza kwa kompresa, tukisimamia chini ya baa 1. Ukizidisha hapo unahangaika na sili za tabo bure.

Mluzi ulisikika kabla hata sijaleta maji ya sabuni. Hosipaipu ya chini ya intakula, upande unaotazama ardhi, palipokuwa pakisuguana na kipande cha chuma cha chesisi, ilikuwa imechanika mpasuko wa urefu wa pingili ya kidole. Ukiutazama injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, midomo yake imefumba; ukipuliza hewa, inafumbuka. Kuuzunguka palikuwa na utando wa oili iliyoshika vumbi, mweusi na unanata, na utando huo ukiuona kwenye hosipaipu ya tabo huna haja ya kompresa. Tabo zote hutema oili kidogo sana. Hewa inapotokea, oili inatokea na vumbi linaganda.

Hosipaipu ilipatikana mjini. Tuliifunga kwa bana za bolti, si zile nyembamba za bisibisi ambazo hukata mpira, na kile chuma cha chesisi tukakikunja kando.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Tulipanda mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini na saruji yote ikiwa juu, na lori likavuta kwelikweli. Gia ya tatu pale ambapo dereva amezoea ya pili. Hewa ilikuwa imerudi, na yale mafuta ya ziada ya fundi wa barabarani bado yapo, kwa hiyo nguvu ilikuwa zaidi ya ile ya kiwandani. Na moshi bado ulikuwa mweusi, ingawa si kama asubuhi. Dereva akampigia tajiri wake, tajiri akataka kuongea na fundi.

"Fundi, si inavuta? Iache hivyo hivyo."

"Inavuta, bosi. Lakini sitakuachia hivyo."

"Moshi wa nini bwana, mbona malori yote yanatoa moshi!"

Fundi mkuu alimweleza kwa utaratibu, na mimi ndiyo maelezo niliyoyashika. Kilo moja ya dizeli inahitaji kilo 14.5 hivi za hewa ili iungue yote. Hicho ni kipimo cha kitabuni. Kwenye silinda mafuta hupuliziwa pistoni ikiwa imeshakaribia juu, hayana muda wa kuchanganyika, kwa hiyo hewa ikipungua chini ya kilo 18 au 20 kwa kila kilo ya mafuta, moshi unaanza. Masizi yale ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kufanya kazi. Tena Iringa iko juu, kwenye mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar. Tabo inafidia sehemu tu. Pampu iliyoongezwa ikiwa pwani, ikaonekana nzuri pwani, huku juu itatoa moshi hata kama hakuna kilichoharibika.

Lakini kilichomtia wasiwasi zaidi ni joto. Mafuta yanayozidi huendelea kuungua pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, na moto unaingia kwenye manifoldi ya ekzosi. Kwenye mlima mrefu, mguu chini dakika kumi mfululizo, joto la ekzosi kabla ya tabo halipaswi kupita nyuzi 700. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu tupu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni haifiki huko kwa sababu inapozwa na oili inayorushwa kutoka chini na inagusa ukuta wa silinda unaopozwa na maji, lakini ukizidisha mafuta unausogeza mpaka huo. Kwanza ukingo wa juu wa pistoni unaliwa, halafu ringi ya kwanza inakwama, halafu unaanza kuona moshi wa bluu juu ya ule mweusi. Geji ya maji haitakuonya. Maji yanaweza kusoma kawaida huku ekzosi ikiwa nyekundu.

Akachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, akamwonyesha dereva. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku zote, hilo si kosa. Ile ilikuwa nzito, ukiisugua kati ya vidole inaburuza, na ilikuwa na harufu ya dizeli. Masizi yanapita kwenye ringi yanashuka kwenye oili, na mafuta yasiyoungua yanaosha ukuta wa silinda na kushuka vilevile. Oili ya namna hiyo ndiyo inayokwenda kulainisha tabo inayozunguka mara makumi ya maelfu kwa dakika. Kuhusu mapafu ya utingo anayelala nyuma ya kichwa, na watu wa pembezoni mwa barabara, Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Hilo fundi mkuu hakumtajia tajiri, naongeza mimi.

Tajiri alikubali shingo upande.

Kurudisha pampu ambayo haikuwekewa alama ni kazi ya subira. Njia sahihi ni kuishusha na kuipeleka kwenye mashine ya kalibresheni, ambako inazungushwa kwa mota na mafuta ya kila silinda yanapimwa kwenye vikombe vya kioo. Lori lilikuwa na saruji ya watu, hivyo tuliamua kuirudisha likiwa barabarani, na kalibresheni ifuate baadaye.

Skurubu ya mafuta ya juu kabisa iko nyuma ya pampu, sehemu ya juu, karibu na zinapotokea paipu za nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Ina nati ya kufungia. Ukiiingiza ndani unaongeza, ukiitoa nje unapunguza. Ni nyepesi mno kuharibu: robo mzunguko ni badiliko kubwa, na ukiiingiza kupita kiasi silensa inapanda yenyewe, mwishowe injini inagoma kushuka ukiachia mguu. Hapo uwe na kipande cha ubao tayari cha kuziba mdomo wa hewa, usizibe kwa kiganja.

Silensa ndiyo iliyotupa ushahidi. Fundi wa barabarani alipoingiza skurubu ya nyuma, silensa ilipanda, akaishusha kwa skurubu ya silensa. Alama za spana mpya zilikuwa kwenye nati zote mbili. Pia alikuwa amekaza skurubu ndogo ya katikati ya kikofia, ile inayosukuma dayaframu chini kidogo hata kabla ya tabo kuamka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa wingu zito kila lori linapoondoka.

Tuliwasha, tukaacha injini ipate moto, maana dizeli baridi inadanganya. Tukachora mstari wa rangi nyeupe kwenye skurubu na mwili wa pampu. Tukatoa robo mzunguko, tukakaza nati huku skurubu imeshikwa isigeuke, tukapanda mlima. Moshi ulipungua. Tukatoa robo nyingine, silensa ikashuka sana hadi injini ikataka kuzima, tukairudisha kwa skurubu yake kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika. Tukapanda tena. Mara hii katika mizunguko 1,600, gia ya tatu, mguu chini, ekzosi ilikuwa na ukungu mwepesi wa kijivu tu. Mwishowe tukaitoa kidogo sana, upana wa ule mstari wa rangi, na tukaishia hapo. Skurubu ya kikofia tuliilegeza mpaka lori likiondoka linapiga pumzi moja ya moshi na kunyamaza. Pumzi hiyo iachwe. Ukiiondoa kabisa, dereva ataondoka kwa resi kubwa na kuua klachi.

Kwa kuwa ubaridi wa jioni ulikuwa umeingia na injini imepoa, tukapima tapeti, yaani nafasi za valvu: 0.25 mm za kuingiza hewa, 0.51 mm za kutolea moshi. Mbili za kutolea zilikuwa zimebana. Nozeli tulizishusha siku iliyofuata, tukazifunga kwenye mashine ya kupimia ya mkono. Zinatakiwa kufunguka kwenye baa 245 na kutoa ukungu, si mstari. Moja ilikuwa inadondosha matone baada ya kufunga, na hiyo peke yake hutoa moshi hata pampu ikiwa sawa. Ilibadilishwa ncha, zote zikarudi na washa mpya za shaba. Oili na filta zake zikamwagwa zote.

Lori liliondoka na nguvu ya kawaida. Tajiri hakuridhika, kwa sababu alikuwa ameshasikia kutoka kwa dereva ile gia ya tatu ya mlima wa Ipogolo. Alitaka robo moja irudishwe. Fundi mkuu akamwambia alete geji ya joto la ekzosi kwanza, waongee baadaye.

Akaileta, ya mtumba. Kuifunga tulishusha manifoldi ya ekzosi nzima, ingawa wapo wanaotoboa ikiwa kwenye injini kwa kupaka grisi kwenye keekee. Chembe moja ya chuma ikibaki humo inakwenda moja kwa moja kwenye panga za tabo. Tulitoboa kabla ya tabo, mahali zinapokutana njia za silinda, maana geji iliyo nyuma ya tabo inasoma chini sana, pengine kwa zaidi ya nyuzi 100, na inamfariji dereva kwa uongo.

Kwenye Kitonga, na mzigo kamili, dereva alisoma 660 kwenye gia ya nne, injini ikilalamika kwenye mizunguko 1,400. Akapiga simu, fundi mkuu akamwambia akate gia ya tatu. Mizunguko ikapanda, tabo ikaleta hewa zaidi, na sindano ikashuka hadi 590 kwa mwendo uleule wa lori. Aliporudi Ipogolo, fundi mkuu alichukua spana, akaingiza ile skurubu ya nyuma upana wa mstari mweupe, akakaza nati na kuipaka rangi upya.