Moto wa miwati

Baba mdogo alivumilia hadi saa tisa alasiri, kisha akaniita pembeni. "Mwanangu, watu wamekaa tangu saa saba. Nyama iko kwenye beseni, moto unawaka. Unangoja nini?"

"Baba, nangoja kuni ziishe kuwaka. Tunachomea makaa yake."

Nilikuwa nimerudi Njombe kwa likizo, mwezi wa saba, majira ambayo ukungu haufunguki mpaka saa nne na maji ya kunawia asubuhi yanauma vidole. Niliwaahidi ndugu zangu kwamba safari hii nitawafanyia braai, nyama choma ya Afrika Kusini, wenyewe wa huko wanatamka "brai", kama ninavyoifanya Pretoria ninakoishi mwaka wa tisa sasa. Wazee wakaja mmoja mmoja na makoti yao, wakasalimia, kamwene, kamwene, wakakaa.

Sisi nyama choma tunaijua. Unaingia mahali, unachagua paja linaloning'inia, unataja kilo, mchomaji anashughulika huko nyuma, na wewe unaletewa sinia lenye nyama iliyokatwakatwa, chumvi, pilipili na ndimu. Moto wenyewe hujauona. Kwa Waafrika Kusini, moto ndio shughuli. Unaalikwa saa nane, unakula saa kumi na mbili, na hakuna anayelalamika, kwa sababu muda wote huo watu wamesimama kuuzunguka wakizungumza.

Ya kwanza niliyohudhuria ilikuwa tarehe 24 Septemba, sikukuu yao ya Urithi, ambayo wengi wanaiita Siku ya Braai. Askofu Desmond Tutu alikubali kuwa mlezi wa siku hiyo mwaka 2007. Aliyenialika alikuwa mzee jirani yangu, Kaburu, Mzungu wa huko anayezungumza Kiafrikana. Neno hilo nimekua nalo. Marehemu baba alikuwa mwalimu, na kwake Kaburu lilikuwa neno la redioni, la vita na la wakimbizi wa Afrika Kusini waliopokewa Mazimbu, Morogoro. Siku ile nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Nusura nisiende.

Moshi ulinikuta getini kabla sijabonyeza kengele. Nikasimama. Ilikuwa harufu ya jiko la mama, ya sweta langu la shule, ya nywele zetu sote kipupwe kizima. Miwati.

Niliposalimia tu nikamuuliza mzee kuni zile ni za mti gani. Akanipa gogo mkononi: gome jeusi lenye mipasuko, mti wenyewe mzito na mkavu. Nikamweleza kwamba kwetu Njombe kuna mashamba yake tangu miaka ya mwisho ya ukoloni, kwamba watu wanabandua magome na kuyafunga mizigo, yanapelekwa kiwandani kukamuliwa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, na kwamba utomvu wake unaacha viganja vyekundu siku tatu. Alishangaa. Kwao mti huo ni adui. Ulitoka Australia kama ulivyokuja kwetu, ukatapakaa mabondeni, unakunywa maji ya mito, na tangu 1995 serikali ina mpango wa kulipa watu waukate. Kinachokatwa, kingine kinaishia motoni.

Wanawake walikuwa jikoni wakikata kachumbari. Wanaume walikuwa motoni, na koleo linashikwa na mtu mmoja tu, mwenye nyumba. Yule mzee akanipa mimi. Kwa anayejua desturi zao, hilo si jambo dogo. Akanionyesha kuweka kiganja juu ya wavu na kuhesabu. Ukishindwa kuvumilia kabla ya tano, makaa bado ni makali. Akaniwekea soseji yao, boerewors, ndefu, imezungushwa kama nyoka aliyelala. Usiitoboe, akaniambia, mafuta yatamwagika na itakauka. Ina giligilani iliyokaangwa, karafuu, kungumanga na siki kidogo, na sheria yao inataka angalau asilimia 90 iwe nyama. Pembeni kulikuwa na pap, yaani ugali wa sembe, na mchuzi wa nyanya na vitunguu. Nilikula kwa mkono, wakaniangalia, kisha na wao wakaacha uma.

Kwa hiyo Njombe nilijua ninachongoja. Kuni zilikuwa za miwati, za shambani kwa baba mdogo mwenyewe. Mwali ukashuka, makaa yakaanza kuvaa jivu jeupe. Kwa baridi ile, viti vikawa vinasogea vyenyewe. Shangazi alitoka jikoni na kigoda chake, akasema humo ndani hakuna mazungumzo.

Nikaweka kiganja, nikahesabu, nikafika sita. Nikachukua beseni.

Baba mdogo alikuwa amenyamaza kitambo, ameegemeza viwiko magotini, anautazama moto. Akaanza kusema, taratibu, habari ya yeye na baba yangu wakiwa wadogo, wanabeba magome alfajiri ili wapate ada, na jinsi baba alivyokuwa akichukua mzigo mkubwa na kumwachia mdogo wake mwepesi. Miaka yote sijawahi kuisikia. Hata shangazi hakuwa akiijua yote.

Nilipoinua koleo kuweka kipande cha kwanza, akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nimalizie."

Nikairudisha nyama kwenye beseni, nikaongeza gogo moja.