Miaka tisa stoo, sasa nachonga paka: siku yangu moja

Saa 11:30 alfajiri. Bado naamka kwa saa ya stoo. Kwa miaka tisa nilikuwa mtunza stoo wa ghala la vipuri, nafungua mlango kabla lori la kwanza halijapiga honi, na mwili wangu haujapata taarifa kwamba walipunguza watu miezi mitano iliyopita nami nikiwemo. Naketi kitandani, nakumbuka hakuna lori, naenda kuwasha kompyuta.

Kazi yangu sasa ni ile niliyoiacha: kuchonga sanamu ndani ya kompyuta, kwa kalamu na tableti. Udongo wenyewe haupo, kuna poligoni tu, vile vipande bapa vidogo vinavyoungana kufanya umbo. Nikieleza, nusu ya watu wanadhani nachora katuni, nusu nyingine wanadhani nabonyeza kitufe. Mpwa wangu aliniuliza kama siku hizi hakuna programu unayoiandikia tu unachotaka, ikakuchongea wewe umelala. Zipo, mwanangu. Ila hazimjui paka wa mama huyu ninayekuja kumsimulia.

Saa 12 asubuhi. Mazoezi. Nachukua tufe, nachonga kichwa cha mtu kwa dakika 20, kisha nafuta bila kuhifadhi. Mwezi wa kwanza vichwa vyangu vyote vilikuwa na macho juu mno, paji la uso hakuna, kama watu waliogongwa na dari. Macho hukaa karibu na katikati ya urefu wa kichwa. Hilo sikuwahi kulisahau, mkono ndio ulisahau. Mkono wenyewe umebaki na mambo ya ovyo tu. Nilijifunzia ZBrush, programu ya kuchongea, ambako ukitaka brashi ichimbe badala ya kujaza unashikilia Alt. Sasa natumia Blender kwa sababu ni ya bure, na huko kuchimba ni Ctrl. Miezi mitano, na kidole gumba bado kinakimbilia Alt.

Na si vitufe tu vilivyonihama. Pixologic, waliotengeneza ZBrush, walishanunuliwa na kampuni ya Maxon, na programu yenyewe imekuwa ya kulipia kwa muda, kama kodi ya nyumba. Sculptris, kaprogramu ka bure nilikoanzia, kameachwa. Blender tuliyokuwa tukiicheka kwa kuchagua kitu kwa kitufe cha kulia cha mausi ilibadilika sura mwaka 2019, mimi niko stoo nahesabu beringi.

Saa 2 hadi saa 6. Vishikio vinane vya droo vyenye umbo la jani. Nilichonga kimoja, nikanakili saba. Hakuna la kusimulia.

Saa 6 mchana. Paka.

Mteja ni mama mmoja anayetaka sanamu ya paka wake, urefu sentimita 12, ya kuchapwa kwa printa ya 3D. Paka yuko hai na mzima. Picha nilizopewa ni tatu: moja amelala amejikunja, moja ilipigwa gizani yanaonekana macho tu yanang'aa, na moja ya uso ambapo mkono wa mtu umemshika kichwa na kufunika nusu ya sikio. Nimeshamtumia matoleo matatu. Majibu yote matatu ni neno moja: "Siye."

Leo nilituma la nne. Zikarudi jumbe sita za sauti. Nilizisikiliza zote nikiwa na kalamu mkononi, tayari kuandika marekebisho. Nikajua paka anafungua mlango mwenyewe, anachukia ufagio, na halali mpaka taa izimwe. Kuhusu umbo lake, sikupata hata nukta. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama. Kipi hasa si chake?"

"Marahaba mwanangu. Mimi si fundi, siwezi kukwambia. Ila huyo ni paka wa watu."

Paka wa watu! Sasa hapo unarekebisha nini? Nilirudi kwenye meza na saa mbili zilizofuata sitarudishiwa na mtu. Nilinenepesha mashavu. Nikashusha pua. Nikasogeza macho, nikayarudisha. Nikamkondesha shingo, akawa kama mjusi. Wakati wote huo kuna kishawishi ninachokijua tangu zamani: kuongeza manyoya. Kila ukizigawa poligoni ziwe ndogo zaidi, idadi yake inazidishwa mara nne, kwa hiyo umbo la poligoni 5,000 ukiligawa mara nne unafika 1,280,000, na ukiwa na nyingi hivyo unaweza kuchora unywele mmoja mmoja na kujidanganya kwamba kazi inaendelea. Zamani ndivyo nilivyokuwa. Umbo likinishinda, nalivika manyoya. Siku hizi najizuia, maana nimepanga stoo ya kutosha kujua kwamba boksi ndogo hazipangwi kabla rafu haijasimama.

Nikamwomba video. Yoyote ile, hata mbaya. Akatuma ya sekunde tisa: paka anamwona mwenye simu, anageuka, anakimbia. Niliitazama mara ya kwanza nikakasirika. Mara ya pili nikaisimamisha pale anapogeuza kichwa, nikaikuza.

Sikio la kushoto limechanika.

Na si hilo tu, jicho la upande huo limelegea kidogo. Mimi siku zote hizo nilikuwa nachonga na ulinganifu umewashwa. Ukigusa kulia, kompyuta inagusa na kushoto, ndiyo inayokuokolea nusu ya kazi. Nilitakiwa kuuzima mapema, sikuuzima. Picha iliyofunikwa sikio nikaijazia mwenyewe kwa lile sikio lingine. Kule stoo kosa hilo tunaliita kupokea mzigo kwa kusoma karatasi bila kufungua boksi, na mtu hufukuzwa kwa kosa kama hilo.

Nilimpigia tena kumwuliza. "Ah, sikio? Si aling'atwa zamani na paka mwenzake. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua.

Basi nikazima ulinganifu, nikaanza sikio. Kukata pengo ni rahisi, brashi moja na dakika moja. Lakini pengo la kukatwa hivyo linaonekana la mkasi. Jeraha la zamani limeshapona: ukingo wake haukai mwembamba kama ukingo mwingine wa sikio, unavimba na kujikunja kidogo kuelekea nje, na ncha iliyobaki juu ya pengo, kwa kuwa haina wa kuishikilia, inalala upande. Nilijaza ule ukingo kwa kalamu nikibonyeza polepole sana, nikalainisha, nikaona nimelainisha mno, nikarudia. Kisha kope ya chini ya kushoto, nikaipandisha kiasi ambacho usingekiona kama hujaambiwa. Nikamgeuza. Nikaogopa kidogo, kwa sababu alikuwa ananiangalia kama aliyegundua nimeshika ufagio.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Jua lilikuwa limeshahama dirisha, kifundo cha mkono kinawaka, na chai ya mchana ilikuwa mezani na ngozi juu.

Nilifukua tumbo la sanamu kwa ndani nikaacha ukuta wa milimita 2, nikatoboa tundu chini la kutolea rezini, yale majimaji ambayo printa huyagandisha, nikatuma faili kwa fundi wa printa na picha kwa mama. Fundi akapiga simu anacheka mpaka anakohoa.

"Dada, umeniletea punje ya mchanga."

Faili la STL, lile la umbo linalopelekwa kwenye printa, halibebi kipimo, linabeba namba tupu. Mimi nilichonga kwa mita, programu yake inasoma milimita, hivyo paka wa sentimita 12 alifika kwake na urefu wa milimita 0.12. Hata zamani nilishawahi kufanya kosa hili hili, tena zaidi ya mara moja. Nikazidisha kwa 1,000, nikatuma upya. Mtu aliyehesabu vipuri miaka tisa bila kupoteza hata nati!

Usiku. Nimeoga, nimelala chali sakafuni kwa ajili ya mgongo, simu kifuani. Mama alikuwa ameiona picha tangu jioni na hakuwa amejibu kitu. Nikaanza kupanga toleo la sita kichwani, nikakosa hata pa kuanzia.

Saa 4 ikaingia sauti moja fupi. Kwanza kimya, kisha anamwita mtu wa pale nyumbani, "njoo umwone, njoo umwone," kisha vicheko viwili. Halafu akarudi kwenye simu.

"Ndiye huyu. Ndiye kabisa, mwanangu. Sasa sharubu ziko wapi?"

Sharubu, kwa sanamu ya sentimita 12. Zitavunjika hata kabla hajamtoa kwenye boksi. Nitamweleza kesho.