Siku mwenyekiti alipopiga magoti

Binti yangu wa mwisho alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia vumbi, akaivuta ile fulana kutoka chini ya kabati. Maandishi ya mgongoni yamebanduka karibu yote, limebaki neno "Wauguzi" na mwaka, 2019. Akaniuliza imetoka wapi. Nikamwambia ni ya Siku ya Wauguzi, wakati ule mama alipokuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wauguzi. "Mwenyekiti anamtibu nani?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshaenda sebuleni kufuta luninga.

Ile ndiyo fulana iliyoshinda. Mliokuwapo ukumbini siku ile mnakumbuka mvua ilivyokuwa inapiga bati hadi katibu akawa anasoma muhtasari kwa kupaza sauti.

Uchaguzi wenyewe nauruka. Wenzangu wa EMD, idara ya dharura ya hospitali, walilipeleka jina langu, nikapita. Wapo waliosema wazi kwamba watu wa dharura wanajua kukimbia na uongozi ni kazi ya kuketi. Sikuwalaumu. Ukiangalia mahudhurio ya vikao vya nyuma, sisi tulikuwa hatuonekani kabisa, maana zamu zetu hazijui Jumamosi. Lakini niliingia na jambo moja moyoni, nalo lilitoka ziwani.

Septemba 20, 2018, ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. MV Nyerere, kivuko cha kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Bwisya kule Ukara. Walikufa watu 228. Sisi tuliokaa mjini tukisubiri simu tulijua kitu ambacho hakisemwi kwenye matangazo: mtu aliyezama hasubiri kufikishwa hospitali kubwa. Dakika zake zinaishia ufukweni, mikononi mwa wavuvi, na akibahatika, mikononi mwa muuguzi wa zahanati iliyo karibu. Unaweza kuwa na mashine zote za dunia juu ya kilima mjini Mwanza, mtoto wa kisiwani akawa ameshaondoka kabla boti haijawashwa injini.

Kwa hiyo nilitaka pesa za tawi za mwaka uliofuata ziende kwenye mafunzo. Mwaka uleule wa ajali, 2018, Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walikuwa wametoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura, iliyoandikwa kwa ajili ya sehemu zisizo na vifaa vingi: njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, hatua kwa hatua, uwe na mashine au usiwe nayo. Niliona tunaweza kuwaita wauguzi wa zahanati za visiwani na mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, tukakaa nao siku mbili tu, walimu tukiwa sisi wenyewe.

Kwenye kamati niliwapa hata habari za Anita Dorr, muuguzi wa Buffalo huko Marekani. Mwaka 1968 aliunda toroli la dharura ili dawa na vifaa vya kuokoa maisha vikae mahali pamoja, badala ya watu kukimbia huku na huko wakifungua makabati mgonjwa anakata roho. Miaka 2 baadaye yeye na Judith Kelleher wa California, ambaye naye alikuwa ameanzisha kundi lake upande wa pili wa nchi, waliunganisha nguvu kuwa chama kimoja cha wauguzi wa dharura. Kilichowasukuma ni kwamba muuguzi wa dharura hakuwa na mahali pa kujifunzia kazi yake. Mafunzo yalitangulia, vyeo vikafuata. Mweka hazina alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, hao wana kwao." Tukaafikiana mkutano mkuu wa tawi ndio uamue.

Nisiwaonee waliotaka fulana. Muuguzi anatukanwa mwaka mzima. Ndugu wa mgonjwa anamfokea, dawa zikiisha ni kosa lake, kitanda kikikosekana ni kosa lake. Inapofika Mei 12 anataka apite barabarani na bendi, avae kitu kipya kinachosema yeye ni nani, watoto wake wamwone. Hilo lina uzito wake na sikuwahi kulidharau. Ila pesa zilitosha jambo moja tu.

Basi Aprili ile tukakutana. Ajenda ya nne, bajeti ya Siku ya Wauguzi. Mweka hazina akasoma mapendekezo yote mawili, nikafungua mjadala. Wakachangia wa hospitali kubwa, wakachangia wa vituo vya afya, mambo yakawa yanaenda sawasawa. Nilikuwa nimejipanga: niwape nafasi wachangiaji wachache zaidi, nifanye majumuisho, ndipo tupige kura. Nilihisi ukumbi unaanza kuelemea upande wangu.

Mkono ukanyooshwa kule mlangoni. Alikuwa binti mdogo, muuguzi wa zahanati ya kisiwa kimoja upande wa Ukerewe, ameketi kiti cha mwisho na begi lake miguuni kwa sababu ya kuwahi boti. Akasimama, akatusalimu wote shikamoo. Akasema yeye hana mchango, ana swali.

Alisema wavuvi walimletea mtoto wa kiume, wa darasa la pili hivi. Walimtoa majini, wakamning'iniza kichwa chini, wakambonyeza tumbo maji yatoke, kisha wakamkimbiza zahanati. Siku hiyo alikuwa peke yake. "Nikaanza kukandamiza kifua kama tulivyofundishwa chuoni," akasema. "Nikakandamiza, nikakandamiza. Naomba kuuliza tu, mheshimiwa mwenyekiti, kwa aliyezama, nilipaswa nianze na nini?"

Hakusema mtoto alikuwaje, na hakuna aliyemuuliza.

Jibu la kiti nilikuwa nalo. Asante kwa swali zuri, dada yetu, hilo tutalichukua kwenye mengineyo. Ningelisema hivyo, sentensi moja, tukaendelea. Nilimtazama yule binti, nikaona mikono yake. Alikuwa ameishika mbele ya tumbo, kiganja juu ya kiganja, vidole vimefungamana, vile tunavyoiweka kifuani kwa mgonjwa, na nadhani hakujua kama ameiweka vile.

Nikanyanyuka. Nikaizunguka meza kuu, nikamwomba mjumbe wa mbele sweta lake, nikalikunja vizuri, nikachukua na chupa ya maji iliyokuwa mbele ya katibu. Sweta likawa kifua, chupa ikawa kichwa, nikavilaza kwenye sakafu ya saruji katikati ya ukumbi, nikapiga magoti. Nikamwita aje. Alipita katikati ya viti watu wakivuta miguu, akapiga magoti upande wa pili, tukawa tunatazamana.

Nikamwambia: moyo wa huyu haukusimama kwa ugonjwa wa moyo, umesimama kwa kukosa hewa. Damu unayoisukuma haina kitu ndani yake. Kwa hiyo mpe pumzi kwanza. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, njia ifunguke, ziba pua, mpulizie hadi uone kifua kinapanda. Kama una ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, tumia ambu. Asipoamka, asipopumua, ndipo ukandamize kifua, kwa mtoto kiingie ndani kama theluthi moja ya unene wake. Uko peke yako, basi ni 30 kwa pumzi 2, 30 kwa pumzi 2, usichoke. Na wale wavuvi waambie wasimning'inize. Yanayotoka ni maji ya tumboni, na matapishi yakirudi yanaingia kwenye mapafu, halafu dakika zinakwisha hapohapo ufukweni.

"Fanya," nikamwambia.

Akafanya. Mara ya kwanza alianza na kifua, mwenyewe akajishtukia, akarudi kichwani. Mara ya pili akaenda sawa. Alipoanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, wale wa mbele wakahesabu naye, kisha wa katikati, ukumbi mzima ukawa unahesabu, mvua ikipiga juu. Nilikuwa naviona viatu vya watu wamesogea kutuzunguka, viatu vyeupe vya zamu, kandambili za waliotembea kwenye matope. Wengine walipiga magoti wenyewe na kukunja masweta yao. Muuguzi wa makamo, mtu wa wodi ya wazazi, aliniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kujaribu, kwa sababu miaka yote hakuwahi. Nikamshika mikono nikamwekea mahali pake.

Kutoka nyuma nilisikia mtu anasema, "Utaratibu, mwenyekiti!" Nikasikia, sikuinuka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nilipokuwa bado sakafuni mvua ilipungua, na wenye zamu ya jioni walianza kukusanya mikoba. Mweka hazina alisimama akaeleza kwamba oda ya fulana isipotolewa wiki ile hazitawahi Mei 12. Hakukuwa na mtu mezani wa kumwambia kwamba mjadala haujafungwa. Mtu akatoa hoja, mwingine akaunga mkono, katibu akahesabu mikono. Niliporudi kwenye kiti changu magoti ya sketi yana vumbi la saruji, fulana zilikuwa zimepita. Kwa tofauti ndogo, lakini zimepita.

Mlangoni mlezi wa tawi alinishika mkono. Mnamjua, yule mama metroni mstaafu, aliyefanya kazi Nyamagana Mei 1996 baada ya MV Bukoba kuzama, siku zile miili ilipopangwa uwanjani na ndugu wakawa wanapita kutambua watu wao. Huwa hazungumzi sana. Akaniambia, "Yule mtoto umemfundisha vizuri sana, mwanangu. Sasa niambie. Kule kwenu dharura, mgonjwa akiletwa mahututi, nani anasimama miguuni mwa kitanda?"

Nilijua jibu. Kiongozi wa timu. Anasimama pale, mikono yake haigusi mgonjwa, anatazama wote kwa pamoja: nani yuko kwenye hewa, nani anatafuta mshipa, nani anaandika, dakika ngapi zimepita. Akiinama kushika kazi moja, anaacha kuona nyingine zote. Mimi mwenyewe huwafundisha hivyo vijana wapya, na nimewahi kumwondoa daktari kijana kifuani kwa mgonjwa nikamwambia arudi miguuni, hiyo ndiyo nafasi yake.

"Umewapa wale waliokuwa ukumbini," mama akasema. "Wale ambao hawakuja, je? Zahanati ngapi zile?" Akaniachia mkono, akafungua mwavuli.

Nimelibeba neno lile hadi leo, na kuna siku nakubaliana naye kabisa. Ningelibaki kwenye kiti nusu saa nyingine, pengine tungepata mafunzo ya siku mbili kwa zahanati nyingi, kwa pesa ya chama, kwa barua rasmi, kitu cha kurudiwa kila mwaka. Badala yake tulifanya tulichoweza: wachache wetu wa EMD tulitumia siku zetu za mapumziko, tukavuka maji na mdoli wa kuazima, tukafika zahanati chache na mialo miwili mitatu ambako wavuvi nao walikaa wakasikiliza. Ilikuwa kazi nzuri. Haikufika mbali.

Kuna siku nyingine sikubaliani naye. Yule binti alikuwa na boti ya kuwahi. Mengineyo yangefika saa ngapi, naye angekuwa wapi? Muuguzi aliyesimama mbele ya wenzake wote na kuuliza alipaswa aanze na nini, hajaleta ajenda. Amekuja amebeba mtoto. Sidhani kama kuna kiti ambacho ningeketi nikamwambia asubiri, kisha nikajiita mtu wa dharura. Na kama chama cha wauguzi hakiwezi kusimama dakika chache kwa ajili ya muuguzi wa namna ile, sijui tunalipia ada ya nini.

Nazipima pande zote mbili, na bado mizani haijatulia.

Mwaka huu tawi linaingia tena kwenye uchaguzi, na yule binti, ambaye sasa si binti tena, amechukua fomu ya uenyekiti. Bado yuko kisiwani, zahanati ileile. Alinipigia juzi kuniomba ushauri, tukafika kwenye habari ya siku ile. Nikamweleza alichoniambia mama metroni. Nikamwambia kuna njia ambayo nimeiwaza baadaye: kiongozi wa timu akilazimika kushika mgonjwa, kwanza anamkabidhi mwenzake uongozi kwa kumtaja jina, kwa sauti, kila mtu asikie, ndipo anainama. Huenda na mwenyekiti angeweza hivyo. Amtaje makamu wake, amwachie kiti, kisha ashuke.

Akanyamaza kidogo. "Sawa, dada," akasema. "Na usiku, pale zahanati, nikiwa peke yangu, namkabidhi nani?"

Nikamwambia swali hilo alipeleke mkutanoni kama alivyoniuliza mimi, neno kwa neno, na aliweke ajenda ya kwanza kabla watu hawajaanza kuangalia saa.