Kabla hujajaza fomu ya "marejesho ya kodi", uliomba?

Stationeri ninayofanyia kazi ipo Mwenge, na ikifika mwezi wa sita hapakaliki. Huyu ritani ya kodi, huyu kasahau paswedi ya imeili, huyu anataka kontrol namba alipe awamu yake ya makadirio kabla ya tarehe 30, na kipindi hichohicho ndo zile imeili za "unarudishiwa kodi" zinaamka. Matapeli nao wana kalenda asee.

Juzi mama mmoja muuza vipodozi kanipa simu, "mdogo wangu nijazie hapa, TRA wananirudishia laki nne na themanini." Nembo ipo, Kiswahili kimenyooka, hadi jina lake limeandikwa sahihi. Nikamuuliza, mama, wewe uliomba kurudishiwa? Hajaomba. "Kwa hiyo hiyo hela haipo?" Haipo mama.

Mi naona hapo ndo pa kuanzia. Watu tumezoeshwa kutafuta makosa ya uandishi, siku hizi haisaidii, tapeli ana programu inamwandikia vizuri kuliko barua nyingi za ofisini. Kurudishiwa kodi kupo kweli, sheria inaruhusu, mtu aliyelipa zaidi anaweza kudai na wenye VAT wanadai, ila unaomba mwenyewe, unapeleka vielelezo, wanakagua, na muulize mfanyabiashara yeyote anayedai VAT yake kama kuna siku alibembelezwa aje achukue. Mwajiriwa ndo kabisa, PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakatwa na mwajiri juu kwa juu.

Sasa ile imeili yenyewe. Kwenye simu unaona jina tu, "TRA Marejesho", lakini ukiligusa hilo jina anwani inafunguka, na ya mama ilikuwa ni imeili ya bure tu ambayo hata wewe unaifungua sasa hivi. Halafu linki, usiibonyeze, ishikilie kidole mpaka anwani itokee. Ilianza na tra.go.tz kabisa! Ila baada ya hapo ikaja nukta, maneno mengine, ikaishia na .com. Kinachohesabika ni kile kipande cha mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, huko mwanzoni kabla ya kipande hicho mtu anaweza kuandika chochote anachotaka. Ya TRA ya kweli hapo inaishia tra.go.tz, basi.

Fomu inataka namba ya kadi, tarehe ya kuisha, zile tarakimu tatu za nyuma, na namba ya siri itakayokuja kwa meseji. Hapa naomba tuelewane jamani. Mtu akikutumia hela kwa M-Pesa umewahi kuweka PIN ndo iingie? Haijawahi kutokea, PIN ni ya kutolea. Na kadi ni hivyohivyo, wa kukulipa anatosheka na namba ya akaunti, anayetaka tarakimu tatu na ile namba ya meseji anataka kutoa.

Wengine hawaombi kadi, wanaomba "ada ndogo ya kushughulikia" uitume kwenye namba ya simu ya mtu. Malipo ya serikali yanaenda kwa kontrol namba, kwa hiyo hii ni ileile "hela tuma kwenye namba hii" imevaa suti. Namba kama hiyo iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Mchezo huu Uingereza na Marekani umekomaa zaidi, kwa sababu kule kurudishiwa kodi ni jambo la kawaida na watu wanaisubiri hela kweli. Ila HMRC, watu wa kodi wa Uingereza, wanasema wazi kwamba hawatumi taarifa za kurudishiwa kwa imeili, na IRS, wa Marekani, hawaanzi wao kukutafuta kwa imeili kukuomba taarifa za benki. Ukiwa na ndugu Uingereza mwambie asijibu, aifowadi kwa phishing@hmrc.gov.uk.

Na kama ulishajaza, acha aibu, piga benki saa hiyohiyo wafunge kadi, kisha badili paswedi ya imeili kabla ya zingine zote, maana anayeshika imeili yako anaweza kuomba paswedi mpya za akaunti zako nyingine. Namba ya benki itoe nyuma ya kadi, usiitoe kwenye ile imeili, kuna wajanja wanaandika na "huduma kwa wateja" yao humohumo.